Kanda Isiyochezeka

Mimi na muziki wa kufokafoka hatukuanza vizuri. Nilikuwa nauza kanda Kariakoo, katika mtaa wenye maduka ya vitenge upande huu na ya vyombo upande ule, na kazi yangu ilinilazimu kusikiliza kila kitu tangu tunafungua mpaka tunafunga. Taarabu niliisikiliza kwa mapenzi. Dansi niliisikiliza kwa heshima ya baba yangu, ambaye hakuwahi kunyoa ndevu bila kuimba. Kwaya, kaswida, nyimbo za filamu za Kihindi, zote nilizipokea, nyingine nikazikariri bila kuelewa hata neno. Lakini wale vijana wenye suruali za kuwatosha wawili, wanaoshika maikrofoni na kusema mbiombio utadhani wamefukuzwa na mbwa, hao niliwaona wahuni tu. Nilimwambia hivyo aliyeniuliza na asiyeniuliza.

Zilikuwa enzi za ruksa, serikali imelegeza biashara. Aliyewahi kupanga foleni ya sabuni atanielewa nikisema kwamba ghafla kila kitu kilikuwepo. Mitumba ilimwagwa chini mafungu kwa mafungu, redio za kaseti zilishuka kutoka Dubai, kanda tupu zilikuja kwa maboksi, na vituo vya redio vya watu binafsi vikaanza kuongea mpaka usiku wa manane. Hapohapo, viwanda na mashirika yakaanza kupunguza watu. Kwetu Buguruni, nilikopanga chumba, wanaume waliozoea kuamkia kazini wakawa wanashinda barazani na mashati yao ya kazi, yamepigwa pasi, hawana pa kuyapeleka. Mjini pesa ilikuwa inapita na wao wanaitazama ikipita. Mimi nilikuwa na bahati ya kuwa na kazi, na kazi yenyewe ni ya kubonyeza vitufe.

Tajiri yangu alikuwa Mhindu wa makamo, mzaliwa wa Kisutu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha mtaani kabisa isipokuwa akikasirika, hapo alirudi kwenye Kigujarati na sisi tukapumzika. Baba yake aliuza vitambaa katika duka lilelile. Yeye alipoona vitambaa vimekuwa vya kila mtu, akahamia kwenye kanda. Alinunua masta, zile kanda za asili, kwa wanamuziki, akazirudufu nyuma ya duka kwenye mashine zilizopangwa rafuni, akazisambaza mikoani. Kulikuwa na watu waliomsema vibaya kwa biashara ile, na wengine walikuwa na haki yao. Mimi nitasema nililoliona: masikio yake yalikuwa mazuri kuliko ya watangazaji wote wa mji huu.

Alikuwa na namna yake ya kupima kanda mpya. Aliiweka asubuhi, spika kubwa ikitazama barabarani, kisha akatoka na kiti chake akakaa mlangoni. Hakuwatazama wateja. Mteja, alisema, husimama kwa sababu ana nafasi, na mwenye nafasi husimama hata akiona watu wanagombana. Yeye aliwatazama wasukuma mikokoteni. Mtu mwenye mzigo wa magunia, jua la Kariakoo limemkalia kichwani, nyuma yake magari yanampigia honi apishe njia, mtu huyo akiushikilia mkokoteni wake asikilize, basi kanda hiyo itauza mpaka Songea. Nilimwona akikataa kanda za watu wakubwa, wenye bendi na mashabiki, kwa sababu mikokoteni ilikuwa imepita asubuhi nzima bila hata mmoja kupunguza mwendo.

Sasa nirudi Buguruni. Nyumba yetu ilikuwa ya vyumba sita, korido katikati, uani kuna choo, bomba na jiko la kila mtu. Chumba cha mbele kabisa alikaa mama mmoja mjane aliyekaanga vitumbua alfajiri na kuviuza pale njia panda. Alikuwa na watoto wawili wakubwa, msichana na mvulana wa kumfuatia. Msichana alikuwa msusi katika saluni ya mjini, mwenye kucheka kwa sauti na kupaka kucha rangi nyekundu hata siku ya kufua. Nilimpenda. Alinisuka bure mara nyingi, akinisema kwamba nina kichwa kigumu nje na ndani.

Kisha akaanza kuumwa. Tuliambiwa ni kifua. Wakati ule ugonjwa wenyewe haukutajwa kwa jina lake. Watu walisema fulani amekanyaga miwaya, tena kwa kunong'ona huku wakitazama nyuma. Mama yake alisema kifua, nasi tukasema kifua, na uani kwetu kila mpangaji akawa na namna yake ya kusogea kidogo bila kuonekana amesogea. Alikwisha mwili, mpaka bangili zake zikawa hazikai mkononi. Tukamzika, tukasoma hitima, watu wakatawanyika, na mama akarudi kwenye vitumbua vyake.

Baada ya hapo mama na mwanawe waliacha kuzungumza. Hawakugombana. Asubuhi kijana alisema shikamoo mama, mama akaitikia marahaba, na maongezi yao ya siku nzima yakawa yameishia hapo. Waliishi chumba kimoja, pazia katikati, wakipishana kwa adabu kubwa kama wageni waliopewa chumba na mtu mwingine. Ilikuwa inaniudhi, na inanihuzunisha zaidi ya kuniudhi, kwa sababu nilikuwa nimewajua walipokuwa wanataniana mpaka majirani wanaomba wapunguze.

Kijana mwenyewe nilimhesabu miongoni mwa wahuni wangu. Alikuwa na suruali kubwa, kofia kaigeuza nyuma, na ukimsalimu ni poa tu. Nilisikia anakwenda studio, chumba cha uani karibu na Mnazi Mmoja ambamo fundi mitambo mmoja aliwarekodi vijana kwa vipindi vya kulipia, magodoro yametundikwa ukutani kuzuia kelele za nje. Sikuuliza wanarekodi nini. Nilidhani najua.

Siku moja akaja dukani na kanda mkononi, kanda tupu ya kawaida, haina hata karatasi. Akasubiri wateja wapungue, akaniambia anaomba nimsikilizie. Siyo tajiri, mimi. Nikamwambia mimi muziki wenu siuelewi. Akasema ndiyo maana. Nikaiweka kwenye deki nikitegemea kelele, nikavaa hedifoni, nikaendelea kupanga kanda za kwaya.

Sikuzipanga zaidi ya hapo. Jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba hakuwa anafoka. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeongea na nafsi yake akidhani chumba hakina mtu. Ngoma ilikuwa ya polepole, nzito, inaacha nafasi ambayo wengine wangeijaza kwa makofi, na yeye aliiacha wazi. Besi iliingia, ikatoka, ikarudi umeshaisahau. Kulikuwa na wimbo wa mwanamume aliyepunguzwa kazi ambaye kila asubuhi anavaa, anaaga, anatembea mpaka Posta, anakaa kwenye benchi hadi saa ya kutoka kazini, kisha anarudi nyumbani akilalamika kwamba amechoka. Mimi nilimjua mtu huyo. Nadhani kila nyumba ya Buguruni ilikuwa naye mmoja. Kulikuwa na wimbo wa kijana anayeogopa kulala kwa sababu akilala anakuwa mkweli. Kulikuwa na mwingine wote ni maswali, anajiuliza yeye, hajibiwi.

Ninachotaka kieleweke ni hiki. Vijana wenzake wakati ule walikuwa wanalaumu. Walilaumu wakubwa, matajiri, wasichana, askari wa jiji, na mengi ya hayo yalistahili kulaumiwa. Yeye kanda nzima hakumlaumu mtu isipokuwa yeye mwenyewe, na hata hapo hakujionea huruma. Alisema jambo, akaliacha. Maneno yake yalikuwa yale tunayotumia kuagizia chumvi. Nimesikiliza muziki maisha yangu yote, nimelipwa kuusikiliza, na mpaka leo sijakutana na ujasiri wa namna ile. Kanda ile haikupigwa kwenye harusi hata moja. Huwezi kuicheza, hata ukijaribu, mguu unakataa. Lakini nimekutana na watu wazima, wenye vyeo vyao, ambao waliisikiliza upande wa kwanza na wa pili wakiwa wamejifungia, na wakinisimulia wanashusha sauti.

Wimbo wa mwisho wa upande wa pili ulikuwa wa dada yake. Ngoma haikuwepo kabisa, ni kinanda kinagusa mara moja moja. Alieleza kwamba siku moja, dada yake akiwa mgonjwa, aliona chini ya kikombe kimoja pale nyumbani pametiwa doa la rangi ya kucha, ili kikombe cha mgonjwa kisichanganyike na vya wazima. Tangu hapo akawa hanywi chai mpaka amegeuza kikombe.

"Nageuza kikombe kwanza, natazama chini yake,
nikiona doa jekundu, narudisha, hiki chake.
Siku moja akaniona, akaangalia pembeni,
akasema, mdogo wangu, chukua kile cha dirishani.
Nani aliweka alama? Sijawahi kuuliza.
Jibu lingekuwa zito, nikachagua giza."

Nililia. Mteja mmoja alikuwa amesimama mbele yangu na kanda ya taarabu, akanitazama, akairudisha rafuni taratibu akaenda zake. Nilikuwa nimewaza maneno mengi ya kumwambia kijana yule kuhusu suruali yake, na yote nikayaacha. Nikavua hedifoni, nikamwambia aiache kanda, nitampa tajiri.

Tajiri aliiweka kesho yake asubuhi, upande wa kwanza, akatoka na kiti chake. Wimbo ule wa mwanamume wa Posta ulipoanza, msukuma mkokoteni mmoja mwenye mabati alipita, akaenda hatua chache, akasimama. Nyuma yake pikapu ilipiga honi. Akainua mkono bila kugeuka, ile ya ngoja kidogo. Akaja wa pili mwenye viazi, akasimama nyuma ya yule wa kwanza, na sasa mtaa mzima ukaziba, watu wanatukana kwa lugha zote za Kariakoo, na wale wawili wamekamata mikokoteni yao wanatazama chini. Hawakutikisa hata vichwa. Tajiri akaingia ndani akaniambia nimwite kijana.

Walielewana haraka. Ila tajiri alikuwa hajasikia upande wa pili mpaka mwisho, na alipousikia, alivua miwani akaipangusa. Kijana na mimi tulikuwa tumesimama kaunta tukisubiri. Akasema kanda ataitoa, na wimbo wa mwisho ni mzuri kuliko yote, lakini hautatoka.

Kijana akauliza kwa nini. Nilijiandaa kusikia habari za soko.

"Huyu marehemu ana mama," tajiri akasema. "Mama hajaulizwa. Mimi siwezi kumpigia mtu msiba wake barabarani bila yeye kujua. Niletee mama yako asikie kwa masikio yake. Akisema ndiyo, nitautoa kama ulivyo. Akisema hapana, tunauondoa kwenye kanda, na wewe usinung'unike."

Kijana akasema kanda bila wimbo ule si yake, ni mikogo tu. Nyimbo zote nyingine alizitunga ili apate ujasiri wa kuufikia ule. Akasema pia kwamba hawezi kumwambia mama yake. Huyo ndiye mtu aliyeyasema yale yote kwenye maikrofoni. Na nilielewa. Kwetu mambo mazito kati ya mzazi na mtoto hayasemwi uso kwa uso, hutumwa mtu. Kijana akitaka kuoa hutuma mshenga, akimkosea mzazi hutuma mtu wa kumwombea radhi. Akanitazama, na nikajua nimeshatumwa kabla hajafungua mdomo. Nikawa mshenga wa wimbo.

Nilijua pia kinachosubiri. Mama akikataa, kijana atarudi na kanda yake mfukoni na haitatoka kamwe, kwa sababu hatakubali itoke nusu. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa kwamba akikataa baada ya kusikia, hata ile shikamoo na marahaba sidhani kama ingebaki.

Nilimwendea mama siku ya pili, amemaliza kuuza, anasugua kikaango uani. Nikamwamkia, nikachuchumaa. Nikamwambia mwanao ameimba, na ameimba habari za dada yake, na anaomba usikie kwanza. Sikusema zaidi. Aliendelea kusugua mpaka kikaango kikang'aa kupita haja. Akauliza kama ni mbali. Nikamwambia Kariakoo. Akaingia ndani, akatoka amevaa baibui lake la safari na viatu vya kufunika.

Dukani tajiri alisimama kumpokea, akamwamkia kwa heshima zote ingawa umri wao haukupishana sana, akampa stuli ya nyuma ya kaunta na soda baridi. Kijana hakuwepo; alikuwa amejificha duka la ng'ambo kati ya masufuria, na namwona kabisa. Nilimvisha mama hedifoni juu ya mtandio. Akashika soda kwa mikono miwili. Nikabonyeza.

Nimesikiliza muziki mwingi lakini sijawahi kusikiliza vile, bila kusikia chochote. Nilikuwa nautazama mkanda ukizunguka ndani ya kaseti, na kwa kuwa wimbo niliujua, niliweza kukisia umefika wapi. Wimbo ulipoingia kwenye hospitali, mama hakubadilika. Ulipoingia kwenye mazishi, mama alifumba macho. Ulipofika kwenye kikombe, aliweka soda chini, akainua mkono wake wa kulia akautazama, vidole vyote, mbele na nyuma, kana kwamba amepewa na mtu. Nilidhani anataka kufuta machozi, lakini hakuwa na machozi.

Wimbo ulipokwisha akasema nirudishe nyuma kidogo. Nikarudisha. Akasikiliza tena pale kwenye alama, akavua hedifoni mwenyewe, akatengeneza mtandio. Tajiri akamuuliza taratibu kama ameridhia. Mama akamshukuru kwa soda, ambayo hakuinywa, akasema, "Nitazungumza na mwanangu."

Siku zilizofuata sikuwa na raha. Nilikuwa narudi kutoka kazini nikipita mbele ya chumba chao polepole kuliko ilivyostahili, na ninasikia kijiko, ninasikia pazia, sauti za watu sisikii. Kijana alikuwa amekonda uso. Tajiri alikuwa ameshaagiza karatasi za kava na ananiuliza kila asubuhi, nami ninamjibu bado, na anaondoka akiongea Kigujarati.

Ilikuwa alasiri ya Jumapili. Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka uani anachagua mchele wa vitumbua kwenye ungo, mimi nafua karibu na bomba, na kijana ametoka chumbani anataka kupita kwenda zake. Mama hakuinua kichwa. Alisema kwa sauti ya kawaida, ile ya kuuliza kama mvua itanyesha.

"Lile doa nililiweka mimi."

Kijana akasimama. Nikaacha kufua, na nikatamani kuondoka, lakini njia ilikuwa inapita katikati yao.

Mama akaendelea, vidole vyake havikuacha kuchagua. Akasema alilitia kwa ile chupa ya rangi ya kucha ya marehemu mwenyewe, mchana, msichana amelala. Hakuna aliyemshauri. Aliogopa kwa ajili ya huyu aliyebaki. Akasema na huyo mgonjwa alijua tangu siku ya kwanza, kwa sababu aliamka akakuta chupa yake imehamishwa, na hakusema neno. Akawa anakitafuta kikombe chake mwenyewe, anakichagua kati ya vingine, ili mama yake asipate taabu ya kumpa.

Kijana akasema, "Nilijua, mama. Ulikuwa na rangi kidoleni."

Sasa mama akainua kichwa. Akamuuliza kwa nini basi ameimba kwamba hakujua. Akajibu kwamba hakuimba kuwa hakujua, ameimba kuwa hakuuliza. Akasema alitaka kumsitiri. Kila mstari mwingine wa kanda ile ni kweli tupu, na pale tu ndipo alipoacha jambo moja nje, kwa ajili yake.

Mama aliweka ungo chini. Alimtazama mwanawe kama ambavyo hakumtazama tangu msiba, na nilivyowajua mimi, nilijua kwamba kile kilichokuwa kimewafunga midomo muda wote ule ndicho hiki: kila mmoja alikuwa anamlinda mwenzake kwa jambo ambalo wote wawili walilijua.

"Umenisitiri mimi," akasema. "Nami nilijisitiri kwa kusema kifua. Yeye tumemsitiri na nini? Tumemzika na uongo, kama mtu aliyefanya aibu."

Akasogea kwenye mkeka. Kijana akavua kofia, akaketi pale alipoachiwa nafasi. Mimi niliziacha nguo ndani ya beseni, nikapita kando yao nimeinama, nikaenda kukaa barazani na wanaume wa mashati ya pasi. Kutoka kule nilisikia sauti zao mpaka adhana ya magharibi. Sikusikia maneno, na sikutaka. Kuna wakati nilisikia mama anacheka kidogo, kisha analia, kisha kijana anasema jambo refu.

Kesho yake mama alikuja Kariakoo peke yake, bila kuongozwa na mtu. Akamwambia tajiri wimbo utoke. Mistari isibadilishwe hata mmoja, kwa kuwa mwanawe ameshaiimba kwa uchungu wake na si haki kumnyang'anya. Ila mwishoni, kinanda kikinyamaza, anataka nafasi yake. Tajiri akauliza nafasi ya nini. Akasema ya kusema. Tajiri alimtazama, akatazama barabarani, akasema mtambo upo, nitakulipia kipindi.

Tulikwenda sote wanne. Tulikatisha Mnazi Mmoja kwa miguu, tajiri mbele na mwavuli wake wa jua, mama na mwanawe nyuma yake wakitembea sambamba, mimi mwisho. Kile chumba kilikuwa kidogo na kina joto, yale magodoro ukutani yananuka jasho la vijana. Fundi mitambo alikuwa kijana mwenye heshima. Alimwamkia mama, akatafuta kiti, akakuta kilichopo ni cha mbao kilicholegea miguu, akaomba radhi. Akamweleza aiweke midomo karibu na maikrofoni, asubiri taa. Mwanawe akataka kukaa naye ndani. Mama akamwambia atoke, asimame na sisi upande wa fundi, nyuma ya kioo, apate kumwona.

Taa ikawaka. Mama alikaa wima kama watu wanavyokaa kupigwa picha ya pasipoti. Kisha akataja jina la binti yake, jina lake, la baba yake na la babu yake, kama linavyotajwa mbele ya jeneza. Sitaliandika hapa, liko kwenye kanda. Akasema:

"Alikufa kwa ukimwi. Alikuwa mwanangu. Doa niliweka mimi."

Kijana alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Tajiri alikuwa anapangusa miwani iliyokwisha pangusika. Fundi mitambo alizima, akarudisha nyuma, akasikiliza, akakunja uso. Akafungua mlango akamwambia mama kwa upole kwamba imetoka vizuri sana, ila kiti kimelia pale alipomtaja marehemu, anaomba arudie mara moja tu.

Mama alikuwa ameshasimama na anajifunga mtandio. Akasema hapana, baba, hilo siwezi kulisema mara mbili.

Tukaiacha vilevile. Katika kila kanda tuliyoituma, iwe ya Tanga, ya Mbeya au ya Mwanza, ukiisikiliza mpaka mwisho utasikia kiti kinalia chini ya jina lake.